Jicho la kwanza limeingia ukungu. La pili niwekewe lenzi ya ghali?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 58, nauza dagaa hapa Mwanza. Mwaloni Kirumba nimekaa zaidi ya miaka ishirini. Nanunua Igombe na Kayenze, nakausha, nafunga magunia, na wateja wangu wengi wanapeleka Kongo. Nakueleza kazi yangu kwa sababu shida yangu imeanzia hukohuko.

Miaka miwili iliyopita jicho la kulia lilikuwa limeshafunga kabisa kwa mtoto wa jicho. Wakaja madaktari wa kambi ya macho, nikapasuliwa, nikawekewa lenzi. Siku waliyonifungua bandeji nililia. Niliona mpaka nyufa za ukutani. Kwa mbali nikawa naona vizuri, kwa karibu natumia miwani ya kusomea niliyonunua kwa machinga, namba 2.50. Sikulalamika.

Sasa tangu mwaka jana jicho hilohilo limeanza kuwa na ukungu, kama mtu amepulizia pumzi kwenye kioo. Jirani yangu ananiambia mtoto wa jicho amerudi, na kwamba lenzi za kambini ndivyo zilivyo, za bei rahisi, zinachakaa. Na jicho la kushoto nalo linafunga. Mwezi wa tatu nilinunua magunia sita alfajiri, nikaona dagaa weupe wa kupendeza. Kulipokucha binti yangu akaingiza mkono, akasema, "Mama, huu mchanga." Walikuwa wameanikwa chini, chanja hawakuigusa. Mteja alinikata bei mpaka nikakosa nauli.

Kijana wangu yuko Dodoma. Kasema safari hii hakuna kambi, atalipa yeye, hospitali binafsi. Tukaenda. Nikapimwa, nikapewa karatasi yenye lenzi tatu na bei zake. Ya kwanza ya kawaida. Ya pili inaitwa ya fokasi ndefu, dada wa mapokezi akasema hiyo ndiyo ya kisasa, "mama utasahau miwani." Ya tatu ghali kuliko zote, ya mbali, kati na karibu. Tofauti ya ile ya pili na ya kawaida inakaribia bei ya injini ya mtumbwi iliyotumika. Dakika tano zikaisha, tukaambiwa tukaamue nyumbani, kama vile tunachagua simu.

Kijana anasema chukua ya pili. Shemeji anasema hiyo ni biashara tu ya watu. Dada yangu mkubwa hataki kabisa niongeze plastiki nyingine kichwani, anasema nisubiri kwanza liive. Na mimi nina sukari, huu mwaka wa tisa, natumia dawa, inapanda na kushuka, ila hilo si la macho.

Nisaidie, Shangazi. Sitaki kumtia mwanangu hasara, na sitaki kununua mchanga tena.

Mama Dagaa, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa yale magunia sita.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nikakwama kwenye maneno uliyoyapitia mbiombio: "nina sukari, ila hilo si la macho." Ni la macho, tena sana. Nitalirudia. Kwanza nimalizane na jirani yako.

Lenzi ya bandia kwa kawaida haichakai, iwe ya kambini au ya hospitali binafsi. Lenzi uliyozaliwa nayo hukaa ndani ya kifuko chembamba mno, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Daktari hufungua upande wa mbele wa kifuko, hutoa lenzi iliyoharibika, kisha ile ya bandia huiweka ndani ya kifuko hichohicho. Kwa watu wengi, baada ya miezi au miaka, chembe zilizobaki pembeni hutambaa nyuma ya lenzi na kukitia kifuko ukungu. Wewe umesema pumzi kwenye kioo. Nilifanya kazi wodi ya macho miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, na maneno hayo niliyasikia kwa wagonjwa mpaka nikayazoea. Mtoto wa jicho hajarudi, maana lenzi anayoota ndani yake ilishatolewa. Ukungu huo humpata mwenye lenzi ya bure na mwenye lenzi ya bei ya injini. Tiba yake ni leza iitwayo YAG: unakaa mbele ya mashine dakika chache, mwale unatoboa tundu katikati ya ule utando, hakuna kisu wala bandeji, siku hiyohiyo umerudi kwako.

Unaona ninapokupeleka? Nusu ya hamu yako ya lenzi ya ghali inatokana na kuamini kwamba ile ya kwanza imekufa. Huenda haijafa. Kabla hamjalipia jicho la kushoto, la kulia litazamwe.

Nimesema "huenda" makusudi, na hapa ndipo sukari inapoingia. Nyuma kabisa ya jicho kuna retina, utando unaopokea picha. Mishipa yake ya damu ni myembamba, na sukari ikikaa juu muda mrefu huidhoofisha, ikaanza kuvuja, au ikaota mipya isiyo imara. Haiumi. Mtu anaweza kuendelea na shughuli zake hajui kitu, mpaka siku uvimbe ufike katikati, pale tunapotumia kusoma na kutambua sura. Miaka tisa ya sukari inayopanda na kushuka inatosha kuacha alama. Kwa hiyo ukungu wako unaweza kuwa wa kifuko, unaweza kuwa wa retina, au vyote viwili, na kwa kutazama tu kwa juu hakuna wa kukuambia.

Umeandika kwamba ulipimwa. Hukuandika kwamba uliwekewa matone ya kupanua mboni. Ungekumbuka, kwa sababu ukishawekewa unatoka nje jua linakuchoma macho na maandishi yanafifia kwa saa kadhaa. Kama hukuwekewa, basi retina yako haijatazamwa ipasavyo, na ile karatasi ya bei ilitangulia kazi. Hapo Mwanza mna Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda yenye idara ya macho. Nenda na kadi yako ya sukari, omba wakupanulie mboni macho yote mawili na, ikiwezekana, wakupige picha ya retina ya OCT. Kama mtoto wa jicho wa kushoto ni mzito kiasi cha kuzuia kuona ndani, kipo kipimo cha mawimbi ya sauti. Omba pia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Sukari ya asubuhi peke yake ni rahisi kuidanganya kwa kufunga siku mbili, nasi tunajuana.

Sasa hizo lenzi.

Ya kawaida ina umbali mmoja ambapo picha inatulia sawasawa. Kwenye jicho lako la kulia walilenga mbali, ndiyo maana uliona nyufa za ukuta lakini daftari likadai miwani. Ya fokasi ndefu huurefusha ule umbali mmoja, ukaanzia mbali ukaja mpaka karibu na urefu wa mkono, tuseme sentimita 60 au 70. Ya tatu huugawa mwanga mafungu: fungu la mbali, fungu la kati, fungu la karibu. Hiyo ya tatu nakuomba uiache bila mjadala. Kwa mwenye sukari ambaye retina yake bado haijapimwa, sina haja ya kuandika aya nzima.

Hiyo ya pili haikuletwa kuwaibia watu. Ni lenzi halali, na ina watu wake. Karani anayeshinda mbele ya kompyuta, mwenye retina safi, anayelala saa nne usiku, anaweza kuifurahia sana. Gunia lililo mbele yako, mizani, sura ya mteja, vyote vinaingia kwenye eneo lake. Lakini "utasahau miwani" ni ahadi ya dada wa mapokezi. Ujumbe wa pesa kwenye simu pengine utausoma ukinyoosha mkono kidogo. Madeni uliyoyaandika kwa kalamu ya bluu iliyoishiwa wino, kwa wengi bado yanataka miwani hafifu.

Na mwanga una hesabu yake. Ule uliokuwa ukikusanyika mahali pamoja, sasa umetandazwa kwenye eneo refu, kwa hiyo makali yake hupungua kidogo. Mchana wa jua hutaona tofauti. Tofauti huja giza likiingia. Huenda kwenye karatasi yako limeandikwa jina Symfony, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016, au Vivity, iliyofuata mwaka 2020. Symfony ina miduara myembamba sana iliyochongwa juu yake, na baadhi ya walionayo huona pete au utando wa buibui kuzunguka taa usiku. Vivity haina miduara hiyo na pete zake ni chache, lakini maelezo yake rasmi huko Marekani yanamtaka daktari amwambie mgonjwa mapema kwamba uwezo wa kutenganisha vitu ambavyo weupe na weusi wake unakaribiana, kwa wengi huenda ukapungua ukilinganisha na lenzi ya kawaida, hasa kwenye mwanga hafifu.

Sasa fikiria kazi yako. Unanunua alfajiri, mitumbwi ndiyo inarudi, taa zake bado zinawaka majini na nchi kavu bado kuna kijivu. Unaangalia dagaa wa rangi ya fedha walioanikwa kwenye mchanga wa rangi ya majivu, na unatakiwa ujue kipi ni samaki na kipi ni mchanga. Kazi yako nzima ni kutenganisha kijivu na kijivu kwenye mwanga hafifu. Ungeniandikia unauza vitambaa mchana pale mjini, jibu langu lingekuwa jepesi zaidi.

Ukiongeza retina iliyoguswa na sukari, ambayo yenyewe hupunguza uwezo huohuo, unakata mara mbili mahali pamoja. Ndiyo maana madaktari wengi huwa wazito kuweka lenzi za namna hii kwenye jicho lenye ugonjwa wa retina au presha ya macho.

Kuna njia ambayo kwenye karatasi yako haikuandikwa, labda kwa sababu haina bei yake. Lenzi ya kawaida haina lazima ilengwe mbali. Daktari anaweza kuchagua namba yake ili jicho la kushoto litulie kwenye urefu wa mkono, huku la kulia likibaki na kazi yake ya mbali. Macho yanagawana: moja linatazama mtumbwi unaoingia, jingine linatazama gunia. Hesabu ni nyepesi, gawa 1 kwa dayopta, ile namba inayoandikwa kwenye miwani, unapata mita. Jicho lililoachwa na dayopta 1 ya ukaribu huona vizuri kwenye mita 1, dayopta 1.50 ni kama sentimita 67. Kila jicho linapata mwanga wake wote, hakuna kilichotandazwa. Ubongo wa watu wengi huzoea tofauti ndogo kama hiyo baada ya wiki kadhaa. Wapo wasioizoea, na wanaoendesha gari usiku hulalamika zaidi, lakini katika barua yako sikuona gari.

Uzuri ni kwamba unaweza kuonja kabla ya kununua. Jicho la kulia likishasafishwa kwa leza, na wakathibitisha kwamba kwa mbali linaona bila miwani, rudi kwa yule machinga ununue miwani ya kusomea namba 1.00 na nyingine 1.50. Funika jicho la kushoto kwa kiganja. Vaa moja, kisha nyingine, ingiza mkono kwenye gunia, soma mizani, mtazame mteja. Unachokiona kwa jicho la kulia kupitia miwani hiyo kinakaribiana na kile ambacho la kushoto litakiona likilengwa hapo. Lakini usijaribu saa nne asubuhi jua limeshapanda, ukaja kuniambia kila kitu kilikuwa safi. Nenda saa ile ya kununua. Namba itakayokufaa iandike, mpelekee daktari. Kwa ile ya fokasi ndefu hakuna jaribio kama hilo. Ikishaingia, kuitoa ni upasuaji mwingine, mgumu kuliko wa kwanza.

Basi ukiniuliza fedha ingekuwa yangu: retina ikionekana ina tatizo, lenzi ya kawaida, bila kusitasita. Retina ikiwa safi, bado ningechukua ya kawaida iliyolengwa urefu wa mkono, kwa ajili ya ile alfajiri. Daktari akitazama macho yako akawa na sababu ya kupendekeza ile ya fokasi ndefu, msikilize, yeye ameyaona na mimi sijayaona. Ila mwulize mbele ya kijana wako: retina yangu ikoje, kioo cha mbele cha jicho kimepinda kiasi gani, maana lenzi hiyo haipatani na jicho lililobaki na astigimatizimu, yaani kioo kilichopinda upande mmoja kuliko mwingine, na itakaaje na jicho la kulia lenye lenzi ya kawaida. Akijibu kwa kukuonyesha vipimo vyako mwenyewe, mpo mahali pazuri. Akikujibu kwamba ndiyo ya kisasa, beba karatasi yako mwondoke. Na kama una kile kinyama cheupe kinachotambaa kutoka pembeni ya jicho, ambacho watu wa jua na upepo wa ziwani wanacho wengi, mwonyeshe kabla ya kupima namba ya lenzi. Huvuta kioo cha jicho na kuharibu vipimo.

Dada yako mkubwa nampa jibu lake kwa heshima. Plastiki kichwani si jambo la jana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley alitibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, akaona jicho linavivumilia bila kuwaka. Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas jijini London, akamwekea mgonjwa wa kwanza lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Wakubwa wa fani walimpinga miaka mingi, kama dada yako. Na hilo la kusubiri liive ni ushauri wa zamani, wakati upasuaji ulikuwa wa namna nyingine. Mtoto wa jicho akikomaa sana anakuwa mgumu, kumtoa kunataka tundu kubwa zaidi, na mashine inayopima jicho kwa mwanga hushindwa kupenya, ikabidi watumie kipimo kisicho sahihi sana. Kwako wewe inayoharibika zaidi ni namba, na mpango wangu wote umesimama kwenye namba.

Kijana wako mwambie asivunjike moyo, wala fedha asiirudishe yote mfukoni. Leza inalipiwa, picha ya retina inalipiwa, na retina ikihitaji sindano au leza ya aina nyingine, hapo ndipo hela yake itakapoonekana kazi. Hiyo ndiyo lenzi ya ghali ninayoitaka mimi.

La mwisho ni siku ya upasuaji. Ukishapata majibu, na daktari akikupa nafasi ya kuchagua, omba wiki ya mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa wako nyumbani na wewe huna cha kukimbilia mwaloni. Lakini usidhani mwezi ukipungua na wewe umepona. Utakuwa na matone ya kuweka kwa wiki kadhaa, huruhusiwi kuinamia mizigo, maji ya ziwa yasiguse jicho, na vumbi la kupepeta dagaa ndilo baya kuliko yote. Siku za giza za kwanza mwachie binti yako anunue. Mkono wake umeshajua mchanga.

Shangazi